Jedwali la Mashine Nyingine

Siku ya tatu ndani ya seli, Kibe hakuomba wakili wala sigara. Aliomba aonyeshwe karatasi.

Inspekta Kasyoka alimpelekea mwenyewe. Zilikuwa kurasa kumi na nane kutoka kompyuta ya marehemu, zilizochapwa na Konstebo Mwendwa, mtu wa pekee pale kituoni aliyejua kompyuta zaidi ya kuiwasha na kuizima. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katikati ya Agosti 2009. Jumatatu Kibe angefikishwa mahakamani kwa kumuua Viraj, mhariri wa video wa Hurlingham, na Kasyoka, aliyemtia pingu kwa mkono wake, hakuona sababu ya kumhurumia.

Ushahidi ulikuwa umejipanga kama viti vya kanisani. Viraj alikutwa Alhamisi sakafuni mwa chumba chake cha kazi, ghorofa ya pili, kando ya Argwings Kodhek, akiwa amepigwa kisogoni pigo moja. Jirani wa juu, Bi Harjit, alichungulia kutoka roshani yake Jumatano baada ya saa kumi, akaona koti la buluu likiingia, maandishi meupe mgongoni: Kibe Computers. Uso hakuuona, kulikuwa na baridi na mwenye koti alivaa kofia ya marvin mpaka masikioni. Kibe ndiye aliyeiunda kompyuta ya Viraj. Jumatatu walikuwa wamegombana mbele za watu kwa sababu mashine ikilala haiamki. Na ndani ya mashine hiyo, Mwendwa alikuta imerekebishwa Jumatano hiyohiyo, saa kumi na dakika arobaini na saba.

Kilichommaliza Kibe hasa ni mdomo wake. Alisema saa hizo alikuwa peke yake dukani River Road, juu stoo, akichoma waya kwa risasi ya kuyeyusha. Kasyoka akapiga simu moja tu. Jumatano alasiri River Road nzima haikuwa na stima; ilikuwa zamu yao ya mgao wa umeme. Mtu anachomaje waya bila stima?

"Sema unachotaka kuona," Kasyoka alimwambia, akizisukuma karatasi mezani.

Kibe alikuwa na miaka thelathini na tisa, mrefu, vidole vimejaa makovu madogo ya kuungua. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akarudi wa kwanza.

"Madam, hii si kazi yangu."

"Kila mtu huniambia hivyo."

"Wewe unajua hii ni nini?"

Kasyoka alikiri kwamba hajui. Mwendwa alikuwa amemweleza mara mbili na mara zote mbili aliitikia kwa kichwa ili yaishe. Kibe akavuta kiti karibu, na kwa muda akasahau kwamba ana pingu mkono mmoja.

"Ile mashine ni ya kuunga-unga. Bodi imetoka huku, memory imetoka kule. Viraj alitaka iendeshe ile system ya mashine ghali, zile za watu wa video. Sasa ndani ya bodi kuna jedwali. Limechomwa humo na wenye kutengeneza bodi. Linaambia system, hapa kuna saa, hapa kuna keyboard, ukilala unalala hivi, ukiamka unaamka hivi. Hiyo system ikisoma, vitu vingine haielewi. Inalala, haiamki. So unatoa jedwali, unalitia viraka pale penye shida, unalirudisha."

"Na unalitoa wapi?"

"Kwa mashine hiyohiyo. Hiyo ndio sheria ya kwanza. Hata bodi mbili za kampuni moja, kila moja na jedwali lake. Usimvalishe mtu kiatu cha jirani."

Kasyoka hakupenda kufundishwa na mahabusu wake, lakini alikaa. Kibe alimsomesha mstari kwa mstari. Alimwonyesha saa ilipo, mahali pa kulala, na mistari ambayo fundi alikuwa ameichomeka ili mashine iamke. Alimwonyesha hata mistari minne ambayo fundi huyo aliibandika mara mbili kwa haraka, kosa lisilodhuru lakini la aibu. Kisha akaweka kidole kwenye safu ya namba, akamwambia hizo ni anwani za memory, na kwamba ukubwa wa memory ndio unaoamua zitaishia wapi. Akamwandikia pembeni zinaishia wapi mashine ikiwa na gigi moja, mbili, nne.

Kasyoka alizifuata kwa kucha. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili akainua uso.

"Hii ni ya gigi nne."

"Na ya Viraj?"

Kasyoka hakuhitaji kuuliza, lakini alimwita Mwendwa, na Mwendwa akathibitisha: alikuwa ameifungua mwenyewe, vipande viwili vya gigi moja moja. Kasyoka alihisi kesi yake iliyojipanga vizuri ikisogea kidogo. Mtu aliyeingia chumbani kwa Viraj hakutoa jedwali la mashine ya Viraj. Alikuja nalo tayari, la mashine nyingine iliyokuwa ikimfanyia kazi, akalibandika hivyo hivyo. Mashine ikaamka, ndiyo, ila ikawa inajiona ni mashine ya mtu mwingine. Kibe, mwenye sheria yake ya kwanza, asingefanya hivyo hata kwa mtutu wa bunduki.

"Tunatafuta mwanafunzi aliyenakili," alisema Kasyoka. "Endelea. Hapa, ukurasa wa kumi na moja, hii ni nini? Ni printa?"

Kidole cha Kibe kilitua hapo, kikabaki.

"Kibe."

"Ni tundu la printa ya zamani," alisema polepole. "Ile pana ya pini ishirini na tano."

"Mashine ya Viraj inalo?"

Hakujibu. Kasyoka alikuwa amehoji watu kwa miaka kumi na sita na alijua kunyamaza kwa mtu anayetafuta uongo na kunyamaza kwa mtu ambaye ukweli umemfikia ghafla. Kibe aliondoa kidole. Alikusanya karatasi zote kumi na nane, akazilinganisha pembe zake, akazifunika kwa kiganja.

"Niletee fomu," alisema. "Ni mimi. Nitaandika."

Sheria haikumruhusu Kasyoka, mpelelezi wa kesi, kupokea maungamo yake. Bosi wake, Afande Wahome, aliyapokea mwenyewe mbele ya pasta wa kanisa la kina Kibe, na kabla ya saa tano Kibe alikuwa ametia sahihi. Kasyoka alipewa nakala. Aliisoma akiwa amesimama. Kibe alikuwa ameandika kwamba alikwenda Hurlingham kwa hasira na kumpiga Viraj kwa nyundo.

Viraj hakupigwa kwa nyundo. Alipigwa kwa UPS, kile kiboksi kizito cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea, na jambo hilo Kasyoka alilificha hata kwa familia ya marehemu. Alimweleza Wahome. Wahome, mtu mnene aliyebakiza miaka miwili astaafu, alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mtu akiwa na hasira hasahau?" aliuliza. "Kasyoka, jaji ataelewa 'nilimpiga'. Jedwali hataelewa. Hata mimi sijaelewa. Asipofuta maneno yake mwenyewe, Jumatatu anaenda."

Kasyoka alitoka bila kubisha. Mshahara wa mbishi kituoni ni zamu za sikukuu. Lakini alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimhusu yeye, kwa sababu alikuwa amemfunga mtu kwa simu moja ya stima.

River Road siku hiyo pia haikuwa na stima. Jenereta zilinguruma mlango hadi mlango na moshi wake ukakaa kooni. Moiz, muuza vipuri ambaye duka lake linatazamana na la Kibe, ndiye mtu mwingine ambaye Kibe alimtaja siku ya kwanza kuwa anajua kutia viraka jedwali, kwa hiyo Kasyoka aliingia akimtazama kama mshukiwa. Alimkuta nyuma ya kaunta, miwani juu ya paji la uso, akiunganisha waya za chaja. Miguuni pake palikuwa na jiko la makaa. Alichovya humo kipande cha shaba chenye mpini wa mbao, akakitoa kikiwa chekundu, akakigusisha kwenye risasi. Risasi ikayeyuka.

Kasyoka alisimama akitazama jiko lile mpaka Moiz akauliza kama kuna shida.

"Mnafanya hivi siku zote?"

"Siku ya mgao, madam, tutafanya nini sasa? Customer hawezi ngoja stima. Barabara hii yote, fundi wa ukweli ana jiko."

"Na Kibe?"

"Kibe ndio alinifundisha."

Hivyo ndivyo kesi ilivyomgeuka Kasyoka mikononi, kwa makaa ya shilingi ishirini. Mtu wa ofisini hujua kwamba bila stima hakuna kuchoma waya; mtu wa River Road hushangaa ukimwuliza. Kibe hakuona haja ya kueleza jiko, na Kasyoka hakuona haja ya kuuliza. Moiz mwenyewe alikuwa dukani Jumatano mchana kutwa, wateja kumi wangeapa hivyo, na mashine yake haikuwa na tundu la printa. Kasyoka alimwonyesha ukurasa wa kumi na moja, akamwuliza nani siku hizi ananunua bodi yenye tundu hilo.

Moiz alishusha miwani. Alisema ni watu wa kuchapa tu, wenye printa kuukuu zisizokufa. Alikuwa na bodi moja kama hiyo kwenye rafu miaka miwili, hakuna anayeitaka, mpaka Kibe akaichukua. Alimuundia dada yake, akaijaza memory yote iliyobebeka, gigi nne, kwa sababu ya kuchapa picha za vipeperushi vya mazishi.

"Jackie," alisema Moiz. "Ana kibanda cha kuchapa, Dagoretti sokoni. Mama yao akikufa Kibe ndio amemlea. Saturday anakaa hapo na Kibe, anasoma hii kazi." Akatabasamu. "Akili kali kuliko ya bro yake. Lakini hana subira."

Alipomwona Kasyoka akiandika jina hilo, tabasamu likamwisha.

Kasyoka na Mwendwa walifika Dagoretti saa nane. Upepo ulitoka upande wa machinjio na Mwendwa akafunga kioo cha gari. Kibanda cha Jackie kilikuwa kati ya muuza matandiko na kinyozi, na mlangoni palibandikwa vipeperushi vya mazishi kama mapambo, nyuso za watu waliokwisha kuzikwa. Ndani, printa ilikuwa ikikwaruza. Kutoka nyuma yake ulitoka waya mnene wenye kichwa kipana, ukaingia kwenye kompyuta isiyo na jina. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la buluu. Kasyoka hakuligusa. Aliligeuza kwa ncha ya kalamu, akasoma maandishi meupe.

Jackie alikuwa na miaka ishirini na saba, nadhifu, mtulivu. Aliwasalimu kwa sauti ya chini, akawapa viti. Aliulizwa Jumatano alasiri alikuwa wapi, akasema alifunga mapema kwenda kwa daktari wa meno. Daktari yupi, hakukumbuka jina. Hurlingham hajawahi kukanyaga. Kompyuta anajua kuchapa na kutoa fotokopi, basi.

Mwendwa alionyesha hati ya upekuzi, akaketi kwenye mashine, akachomeka flash yake. Kazi hiyo ilihitaji dakika kumi. Kasyoka aliamua kuzitumia.

"Ndugu yako ameandika maungamo asubuhi hii," alisema. "Ametia sahihi kwamba ni yeye aliyemuua Viraj."

Alitarajia kilio, au kiti kianguke. Alikuwa amewahi kuona mtu aliyeshikilia uongo wiki nzima akiuachia kwa habari nusu ya hiyo. Jackie alichukua kipeperushi kilichotoka kwenye printa, akakipulizia wino ukauke, akakiweka juu ya vingine.

"Sasa kama ameandika," alisema, "si imeisha?"

Kasyoka aliyasikia maneno hayo yakishuka ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alijisikia vibaya kwa ajili ya mtu aliye hai.

"Madam," Mwendwa aliita.

Alikuwa ameyafungua majedwali mawili kwenye skrini, la mashine ya Viraj kushoto, la mashine hii kulia, na programu ya kulinganisha ilikuwa imemaliza. Hakukuwa na tofauti hata ya herufi moja. Gigi nne, tundu la printa, na ile mistari minne iliyobandikwa mara mbili, kosa lilelile mahali palepale. Mwalimu yeyote angejua nani amenakili wapi.

Kasyoka alimgeuzia Jackie skrini. Jackie hakuhitaji kufundishwa. Aliliona kosa kabla ya kidole kulifikia.

"Niliogopa kutoa la kwake," alisema. "Ingechukua masaa. Yeye alikuwa na haraka."

Baada ya hapo alieleza, na Kasyoka alimwonya kwamba yatatumiwa, na bado akaeleza. Walikuwa pamoja na Viraj miaka miwili, kwa siri, yeye akiamini siri hiyo ina mwisho mzuri. Viraj alimwandikia kwenye chat kwamba Kibe hawezi kuja mpaka Alhamisi na yeye ana kazi lazima imalizike kabla ya Jumapili. Hakusema kazi gani. Jackie alivaa koti la duka ili jirani asiulize maswali. Alibandika jedwali lake, akailaza mashine, akaiamsha. Ikaamka. Walikumbatiana kwa furaha. Kisha Viraj akafungua ile kazi.

Mwendwa aliijua, alikuwa ameikuta ikiwa wazi, lakini hakuna aliyeipa uzito. Zilikuwa picha za uchumba wa Viraj na msichana aitwaye Deepa, za kuonyeshwa ukumbini siku ya Jumapili mbele ya familia zote mbili.

"Nilidhani atafunga haraka, ataomba msamaha," alisema Jackie. "Hakufunga. Akaniambia, si ziko sawa? Nisaidie kuchagua wimbo. Akanigeuzia mgongo, anatafuta wimbo." Alitazama mikono yake. "Ile UPS ilikuwa hapo tu, haijaunganishwa."

UPS. Hakuna aliyemtajia. Mwendwa aliandika neno hilo na saa.

Jackie alipofungwa pingu aliuliza nani atapeleka vipeperushi, mazishi yalikuwa Jumatatu. Kuhusu ndugu yake hakuuliza.

Wahome alisoma kila kitu jioni hiyo na kushusha pumzi. Jackie alikuwa amepata wakili njiani na sasa hakusema neno. Maungamo yaliyotiwa sahihi yalikuwa ya Kibe. Yaliyobaki yalikuwa koti, daftari la konstebo na kurasa za namba. Akarudia alichosema asubuhi. Kibe afute maneno yake mwenyewe, tena kwa mkono wake, ndipo faili ibadilike.

Kibe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Kasyoka alimweleza habari zote: jiko la Moiz, tundu la printa, mistari minne, UPS. Alimwomba radhi kuhusu jiko, kwa maneno hayo hayo, nimekukosea. Kibe alitikisa kichwa.

"Sifuti."

"Watakunyonga kwa kitu ambacho hukufanya."

"Mimi ndio nilimleta mjini, nikamfunza hii kazi. Mama aliniachia yeye akiwa na miaka tisa. Madam, uko na watoto?"

"Wawili."

"Basi usiniulize."

Kasyoka alibaki amesimama. Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa pale na hakuitaka. Alitamani Kibe amalize hapo, alale, asiulize chochote. Lakini Kibe aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejiwekea akiba ya kumtosha miaka mingi.

"Ulipomwambia nimeandika, alisemaje?"

Kasyoka angeweza kusema alilia. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na Kibe angelibeba kwa amani mpaka kitanzini.

"Alisema, sasa kama ameandika, si imeisha?"

Kibe alimtazama kama hajasikia. Akasubiri, labda kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Nje ya seli mtu alikohoa, mlango ukafungwa mahali, na Kibe akaangalia sakafu. Alipoinua uso alikuwa mzee.

"Nipe kalamu," alisema.

Kasyoka alimpa. Vidole vile vilivyozoea nyaya nyembamba kuliko unywele vikaandika juu ya nakala ya maungamo: Nafuta.